Kilimanjaro: Tunaililia Barafu, Tunausahau Msitu

Mwezi Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliandika kwamba ameona theluji juu ya mlima ulio karibu na ikweta. Wasomi wa jiografia huko London, akiwamo Desborough Cooley, walimbeza. Wachagga, waliouona weupe ule kila kukicha, hawakuulizwa. Tangu wakati huo macho ya dunia hayajabanduka kileleni. Hata leo, mabadiliko ya tabianchi yakitajwa, picha inayooneshwa ni ileile ya kofia nyeupe inayosinyaa.

Msiba huo ni wa kweli. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika takriban kilomita za mraba 12; kufikia mwaka 2000 takriban asilimia 80 yake ilikuwa imetoweka. Hata hivyo, nadai kwamba tunalia kwenye kaburi lisilo letu. Barafu huchangia kiasi kidogo mno cha maji ya mito yetu. Maji yanayonywesha Moshi na Hai, yanayomwagilia mashamba ya tambarare na kujaza bwawa la Nyumba ya Mungu, kwa sehemu kubwa hutoka msituni.

Msitu huo haungoji mvua peke yake. Karibu na ukomo wake wa juu, miti ya jamii ya erika hunasa ukungu kwa majani yake membamba, na matone hudondoka ardhini hata siku ambazo mawingu hayakunyesha. Wachagga waliijengea neema hiyo ustaarabu mzima. Walichimba mifongo, mifereji iliyoteremsha maji kutoka makorongo ya msituni hadi vihambani, nayo iliwastaajabisha wasafiri wa Ulaya wa karne ya 19. Kila mfongo ulikuwa na wenyewe, zamu zake, na adhabu kwa aliyevunja zamu.

Kinadharia, dunia ikipata joto, miti hupanda mlima kufuata ubaridi. Kilimanjaro imekuwa kinyume: ukomo wa juu wa msitu umeshuka kwa mamia ya mita. Mtafiti Mjerumani Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huu kwa miaka mingi, alionesha mwaka 2005 kwamba sababu kuu ni moto. Mvua zimepungua tangu mwishoni mwa karne ya 19, mimea imekauka, na moto uliokuwa ukizimwa na unyevu sasa hutambaa hadi ndani ya msitu wa ukungu. Sehemu kubwa ya misitu ya erika iliyokuwapo miaka ya 1970 imegeuka vichaka. Mti ukiteketea, ukungu hupita bila kunaswa. Oktoba 2020 tuliushuhudia moto ukila takriban kilomita za mraba 95 kwa siku chache.

Hapa ndipo siasa inapoingia. Afisa wa serikali huwataja warina asali na moshi wao. Mwanaharakati huvitaja viwanda vya Ulaya na Marekani. Kila mmoja amelishika sikio moja la tembo. Ukame huandaa kuni. Mkono wa mtu huleta kiberiti. Anayemlaumu mrina asali pekee humwachia mchafuzi mkubwa aende zake bila deni, na anayeulaumu ulimwengu pekee huisamehe ofisi isiyo na vifaa vya kuzimia moto.

Historia ya utawala wa msitu huu inatufundisha jambo. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilitenga ukanda wa nusu maili pembezoni mwa msitu, chini ya mamlaka ya Wachagga, ili wananchi wapate kuni na majani ya mifugo. Baada ya uhuru ukanda huo ulipitia mikono mingi, na kisicho na mwenyewe kikaliwa na kila mtu. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi ukaunganishwa na hifadhi ya taifa. Ulinzi uliongezeka, lakini jirani wa msitu, ambaye ndiye wa kwanza kuuona moshi, akawa mtuhumiwa wa kwanza.

Ndugu msomaji, mtalii hulipa kukiona kilele. Mkulima, mwenye mtambo wa umeme na mkazi wa mjini hulipia maji. Ni haki sehemu ya fedha hizo irudi kwa dhahiri katika vijiji vya mlimani: vikosi vya zimamoto vyenye posho na zana, vitalu vya miche ya asili, na kamati za mifongo zenye sauti kisheria. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti akafuatilie shilingi hiyo inaishia wapi. Barafu hatuwezi kuirudisha kwa amri ya wilaya. Msitu bado tunaweza kuuokoa, iwapo tutawatendea wanaoishi kando yake kama walinzi na si wavamizi.