Kamati ya afya: Nguvu za mwakilishi wa wadi ziko wapi?

MKAZI wa Migwani akikosa dawa hospitalini, mtu wa kwanza kulaumiwa huwa mwakilishi wa wadi. Hata hivyo, mwakilishi hana bohari ya dawa, wala haajiri wauguzi. Nguvu zake zimo katika kamati.

Migwani ni mojawapo ya wadi nne za eneobunge la Mwingi Magharibi, na ni miongoni mwa wadi 40 za Kaunti ya Kitui. Kabla ya uchaguzi wa Machi 4, 2013, diwani aliketi katika baraza la mji au la wilaya, huku hospitali na zahanati nyingi za serikali zikisimamiwa na Wizara ya Afya kutoka Nairobi. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti vituo vya afya, ambulensi, huduma za afya ya msingi, utoaji leseni kwa wauza chakula na uzoaji taka.

Kwa sababu hiyo, kamati ya afya ya bunge la kaunti ina kazi kuu tatu: kupitia miswada, kuchunguza bajeti ya idara na kusimamia utendaji wake. Kifungu cha 195 cha Katiba kinaipa uwezo wa kumwita mtu yeyote atoe ushahidi, kwa mamlaka sawa na ya Mahakama Kuu. Waziri wa afya wa kaunti anaweza kutakiwa aeleze dawa ziliagizwa lini kutoka shirika la Kemsa, deni limefikia kiasi gani na ni zahanati zipi zisizo na wauguzi.

Mamlaka hayo yana mpaka. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinamkataza mwakilishi kushiriki kazi za utendaji. Anayegawa zabuni ya kujenga zahanati hawezi kuikagua bila kujikagua mwenyewe.

Ratiba ya fedha nayo haisubiri. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bungeni kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha Februari 28, na makadirio ya bajeti Aprili 30. Jengo likiidhinishwa bila fedha za wauguzi na dawa, hubaki na kufuli mlangoni. Isitoshe, sheria iliyotiwa saini Oktoba 2023 inaziruhusu hospitali za umma kubaki na pesa zinazokusanya. Kamati inapaswa kuuliza zimetumikaje.

Mwananchi naye ana nafasi yake. Sheria hiyo ya 2012 inampa haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa bunge la kaunti, na Katiba inalitaka bunge hilo kuendesha vikao vyake na vya kamati hadharani. Malalamiko yanayotaja kituo, tarehe na dawa iliyokosekana humpa mwakilishi swali ambalo waziri hawezi kulikwepa kwa urahisi. Mwakilishi akirudi wadini, wakazi wana haki ya kumwuliza aliuliza nini kamatini, na alijibiwa nini.