Programu za kutengeneza video kwa akili mnemba: ipi inamfaa mdau wa Mara?

Juzi nikiwa kafe hapa Musoma, jamaa wa kompyuta ya jirani akanigeukia: "Kaka, programu gani inaweza kumfanya Mwalimu Nyerere atangaze duka langu la simu?" Nikamwambia subiri kwanza, swali lako lina mambo mawili: kuna suala la programu na kuna suala la Mwalimu. Nimeyaandika yote mawili hapa ili nisirudie kwa kila mtu.

ZINAFANYAJE KAZI?

Unaandika maelezo ya unachotaka kuona, au unapakia picha. Mashine inakutengenezea kipande cha video ambacho hakuna kamera yoyote iliyokipiga. Kazi nzito inafanyika kwenye kompyuta za kampuni huko mbali, sio hapo ulipokaa. Kwa hiyo hata kompyuta ya kafe iliyochoka inatosha, ilimradi intaneti iwe inatembea.

Teknolojia hii imekimbia kweli. Machi 2023 watu duniani walicheka video ya mashine ikimwonyesha mwigizaji Will Smith akila tambi, uso unapinda na tambi zinaingia kwenye mashavu. Mei 2025 Google wakatoa Veo 3, picha inakuja pamoja na sauti zake. Ni miaka miwili tu hapo!

Nimezipanga kwa mambo manne: sauti, urefu wa kipande, njia ya kuanza bila hela nyingi, na kama baadaye mtu anaweza kugundua kuwa video ni ya mashine. Bei na viwango vya bure hubadilika kila mara, kwa hiyo angalia kwanza kabla ya kulipia muda wa kafe.

1. VEO (Google)

Naiweka ya kwanza. Ukiandika mvua, unaona mvua na unaisikia. Ukiandika mtu anaongea, anaongea. Veo 3 ilipotoka kipande kimoja kilikuwa sekunde 8. Unaingia kwa akaunti ya Google, ambayo wengi tunayo tayari. Kubwa zaidi, ndani ya video kuna alama isiyoonekana kwa macho inayoitwa SynthID. Tangu Desemba 2025 unaweza kupakia video kwenye Gemini, isizidi MB 100 na sekunde 90, ukauliza kama imetengenezwa na mitambo ya Google. Ila inatambua za Google tu. Ikikujibu haijaona alama, usiseme basi video ni ya kweli.

2. KLING (Kuaishou, China)

Ilitoka Juni 2024. Inajulikana kwa kuchukua picha uliyopiga mwenyewe na kuifanya itembee; mwaka 2025 vipande vyake vilikuwa vya sekunde 5 au 10. Sauti iliongezwa toleo la 2.6, Desemba 2025, ikianza na maneno ya Kichina na Kiingereza. Kwa tangazo la Kiswahili, rekodi sauti yako kwa simu uiweke juu ya picha. Hata hivyo sauti ya mtu wa Mara inauza vizuri zaidi Mara!

3. RUNWAY (Marekani)

Hawa ni wakongwe, Gen-1 yao ilitoka mwaka 2023. Gen-4 ya Machi 2025 ilileta kitu muhimu kwa watengeneza filamu: mhusika anabaki na sura ileile kutoka kipande kimoja hadi kingine. Tatizo ni hesabu. Mwaka 2025 mtumiaji wa bure alipewa pointi 125 mara moja tu, na Gen-4 Turbo ilikula pointi 5 kwa sekunde. Gawanya mwenyewe: sekunde 25, basi. Ni nzuri kwa mwenye hela ya mwezi na kadi ya kulipia mtandaoni.

4. WAN (Alibaba, China)

Hii ni tofauti na zote. Februari 2025 Alibaba waliachia toleo la 2.1 wazi, mtu yeyote alishushe na kulitumia kwenye mashine yake bila kulipia kipande. Lile dogo linahitaji kadi ya picha yenye kumbukumbu ya GB 8 na kidogo, na hata kwenye RTX 4090, kadi ya bei kali, sekunde 5 za video ya ubora wa chini zilichukua kama dakika 4. Kompyuta za kafe zetu haziwezi. Lakini kama kuna vijana watano wanataka kuchanga wanunue mashine moja ya kazi, hii ndiyo ya kufikiria.

5. PIKA (Marekani)

Ilianza mwaka 2023. Nguvu yake ni vituko: Oktoba 2024 walileta mbinu za kuyeyusha kitu, kukiponda au kukipulizia kama puto. Kwa utani inafaa, kwa tangazo la biashara sidhani.

Mtaniuliza Sora ya OpenAI iko wapi. Ilitikisa dunia ilipotangazwa Februari 2024, lakini Sora 2 ya Septemba 2025 ilianza kwa watu wa Marekani na Kanada, tena kwa mwaliko. Mlango ukifunguliwa mbali namna hiyo haumsaidii mdau wa Bunda, kwa hiyo sikuiweka.

HESABU YA TANGAZO LA SEKUNDE 30

Tuseme unamtengenezea mama anayeuza dagaa Mwigobero tangazo la sekunde 30. Kwa vipande vya sekunde 8 unahitaji vinne. Usitegemee kila kimoja kitoke sawa mara ya kwanza, hivyo andika maelezo yote kwenye daftari kabla hujaenda kafe. Dakika za kufikiria ukiwa kafe nazo zinalipiwa.

Pia usiiachie mashine ikubunie ziwa. Haijui miamba ya Musoma, haijui mitumbwi yetu. Nenda mwaloni asubuhi, piga picha za kweli, halafu uzipe programu izitembeze. Na uwe macho na makosa madogo: dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Ukiweka wavuvi wa dagaa chini ya mbalamwezi kubwa, Instagram watakusifia lakini wavuvi wenyewe watakucheka, na hao ndio wateja wa mama.

SASA TURUDI KWA MWALIMU

Yule jamaa nilimjibu hivi: programu zipo, lakini usifanye. Mwalimu alizaliwa Butiama mwaka 1922, akafariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na kaburi lake liko palepale Mwitongo. Watu wa familia yake tunaishi nao mkoa mmoja. Sauti yake ya kweli ipo kwenye hotuba zilizorekodiwa, na wazee wengi hapa wanaijua kuliko sauti za watoto wao.

Leo ukimfanya atangaze simu, kesho mwingine atamfanya amnadi mgombea. Kesho kutwa mwanafunzi wa kidato cha pili ataandika kwenye mtihani maneno ambayo Mwalimu hakuyasema kamwe, na ataapa kwamba alimwona kwa macho yake. Tukianza sisi wa Mara kuchezea maneno yake, tutamlaumu nani wa mbali?

Kuna na sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inagusa anayesambaza taarifa akijua ni za uongo kwa nia ya kudanganya. Adhabu iliyoandikwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Duka zima la simu linaweza lisifike hiyo milioni 5.

Kwa mtu aliye hai utaratibu ni uleule: muombe ruhusa, na uandike kwenye video kwamba imetengenezwa kwa akili mnemba.

La mwisho kwa wa kafe: ukimaliza, toka kwenye akaunti yako na ufute ulichoshusha. Akaunti ukiiacha wazi, anayekaa baada yako atatengeneza anachotaka kwa jina lako.

Jamaa alinisikiliza. Tukapiga picha ya kaunta yake, yeye mwenyewe akarekodi sauti, sekunde 16 zikatosha. Kazi kwenu wadau, aliyejaribu nyingine aandike hapo chini.