Hisa za kampuni ya mafuta zikiporomoka: hela iende kwenye gawio au kununua hisa?

Tarehe 30 Aprili 2020, Shell ilipunguza gawio lake kutoka senti 47 za dola kwa kila hisa hadi senti 16. Haikuwahi kupunguza gawio tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Siku hiyohiyo hisa zake zilianguka kwa zaidi ya asilimia 10.

Waliouziwa hisa hizo kwa miaka mingi waliambiwa jambo moja: bei inaweza kupanda na kushuka, lakini gawio la Shell linakuja tu. Mifuko ya pensheni ya Uingereza ilipanga bajeti zake kwa kutegemea hela hiyo.

Kilichowauma baadhi yao si gawio peke yake. Mwaka 2018 Shell ilitangaza mpango wa dola bilioni 25 wa kununua hisa zake yenyewe sokoni. Wakati huo hisa moja ilikuwa zaidi ya pauni 25 mjini London. Machi 2020 mpango ukasimamishwa. Ilipofika Oktoba hisa hiyohiyo ilikuwa chini ya pauni 10, na kampuni haikuwa inanunua tena.

Hapo ndipo mjadala ulipo. Kampuni ya mafuta ikiwa na hela ya ziada na hisa zimeshuka, igawe au inunue?

Tofauti yake ni nini

Gawio ni hela inayoingia mkononi mwa kila mwenye hisa. Kununua hisa maana yake kampuni inaingia sokoni kama mnunuzi mwingine yeyote, inachukua hisa zake na kuzifuta. Hisa zinabaki chache, kwa hiyo kila iliyobaki inashika kipande kikubwa zaidi cha kampuni.

Chukulia kampuni ndogo yenye hisa 100. Thamani yake yote ni shilingi 100,000, na ndani yake kuna taslimu 10,000. Kila hisa ina thamani ya 1,000.

Ikigawa taslimu yote, kila hisa inapata 100 na thamani yake inabaki 900. Jumla ni 1,000. Ikinunua hisa 10 kwa 1,000 kila moja, zinabaki hisa 90 katika kampuni yenye thamani ya 90,000. Kila hisa bado ni 1,000. Hakuna aliyepata wala aliyepoteza.

Sasa soko liingiwe na hofu, bei ishuke hadi 500 ingawa kampuni ni ileile. Taslimu ya 10,000 inanunua hisa 20. Zinabaki 80, na kila moja ina thamani ya 1,125. Aliyebaki amefaidika. Faida hiyo imetoka kwa yule aliyeuza kwa 500, jambo ambalo wakurugenzi hawapendi sana kulisema.

Na soko likiwa na joto, bei ikiwa 2,000? Taslimu ileile inanunua hisa 5 tu. Zinabaki 95, na kila moja ina thamani ya takriban 947. Aliyebaki amepunjwa na kampuni yake mwenyewe.

Kwa hesabu hiyo jibu linaonekana rahisi: hisa zikishuka, nunua. Shida ni kwamba mafuta hayafuati hesabu ya karatasi.

Bei ya hisa na hela hushuka pamoja

Hisa za kampuni ya sabuni zinaweza kushuka huku sabuni ikiendelea kuuzwa kama kawaida. Kampuni ya mafuta haina bahati hiyo. Mara nyingi kinachoangusha hisa zake ni bei ya pipa, na bei ya pipa ndiyo inayoleta hela. Yaani siku hisa zinapokuwa rahisi, mfuko nao umekauka.

Tarehe 20 Aprili 2020 mafuta ghafi ya Marekani yalifunga soko kwa dola 37.63 chini ya sifuri kwa pipa. Aliyekuwa na mkataba wa kupokea mafuta alimlipa mtu ayachukue. Ni kampuni gani ingetangaza siku hiyo kwamba inatumia mabilioni kununua hisa zake?

ExxonMobil inaonyesha vizuri. Mwaka 2008, pipa lilipopita dola 140, ilitumia zaidi ya dola bilioni 30 kununua hisa zake. Mwaka 2020 hisa zake zilifika chini ya dola 35, bei ambayo haikuwa imeonekana kwa miaka mingi. Haikununua. Ilipata hasara ya dola bilioni 22.4 mwaka huo, na Agosti iliondolewa kwenye kipimo cha Dow Jones.

Mwaka 2022 faida ikaruka hadi dola bilioni 55.7, na hisa zikapita dola 100. Hapo ndipo ilipotangaza kununua hisa za hadi dola bilioni 50 kufikia mwisho wa 2024.

Exxon haiko peke yake. Januari 2023, baada ya mwaka wa faida ya rekodi, Chevron ilitangaza mpango wa dola bilioni 75, na Ikulu ya Marekani ikalalamika wazi kwamba hela hiyo ingeongeza uzalishaji wa mafuta. Kampuni zenye wataalamu wa kila aina hununua hisa zao zikiwa ghali, kwa sababu ndipo zinapokuwa na hela.

Gawio nalo lina gharama

Upande wa gawio una hoja yake. Gawio ni kama ahadi. Linaibana menejimenti isitupe hela kwenye miradi ya kujionyesha, na anayelitegemea kulipa kodi ya nyumba hahitaji kuuza hisa zake soko likiwa chini.

Exxon iliamua kuitunza ahadi hiyo. Mwaka 2020 ililipa senti 87 kila robo mwaka bila kupunguza, jumla ya karibu dola bilioni 15. Hela hiyo haikutoka kwenye faida, maana faida haikuwepo. Madeni yake yalipanda kutoka takriban dola bilioni 47 hadi karibu bilioni 68, miradi ikakatwa, na Oktoba ikatangaza kupunguza karibu asilimia 15 ya nguvu kazi yake duniani. Mwenye hisa alilipwa. Mfanyakazi aliyepoteza kazi ana maoni yake.

Total ya Ufaransa, ambayo leo inaitwa TotalEnergies na ndiyo mwenye hisa nyingi zaidi katika bomba la mafuta la Hoima hadi Tanga, ilichukua njia inayofanana. Ilisimamisha ununuzi wa hisa Machi 2020 lakini ikaacha gawio kwenye euro 0.66 kwa robo mwaka, licha ya hasara ya dola bilioni 7.2. BP ilikata gawio lake kwa nusu Agosti mwaka huo.

Occidental ya Marekani ilikuwa imejibebesha madeni mazito kwa kuinunua Anadarko mwaka 2019. Gawio lake lilishuka kutoka senti 79 hadi 11, kisha hadi senti 1.

Kwa mifano hii, kinachoamua si upenzi wa njia moja au nyingine. Ni deni. Kampuni iliyoingia kwenye mteremko ikiwa na deni dogo inaweza kununua hisa zikiwa chini au kulinda gawio. Yenye deni kubwa haina cha kuchagua.

Njia ya katikati

Baadhi ya kampuni zimejaribu kugawa gawio vipande viwili. Devon Energy ya Oklahoma ilianza mwaka 2021 kulipa kiasi kidogo kisichobadilika, halafu nyongeza inayofuata hela iliyopatikana. Saudi Aramco nayo ilianzisha gawio la nyongeza mwaka 2023. Gawio la 2024 lilikuwa takriban dola bilioni 124. Kwa 2025 kampuni ilitangaza matarajio ya takriban bilioni 85.

Kwa Aramco suala la kununua hisa halina uzito, kwa sababu mwenye zaidi ya asilimia 80 ni serikali ya Saudi Arabia, na serikali inahitaji hela taslimu kwenye bajeti yake.

Kwa aliye Dar au Nairobi

Mtanzania au Mkenya anayenunua hisa za Exxon kupitia programu ya simu hukatwa asilimia 30 ya gawio huko Marekani kabla halijamfikia. Kampuni ikitumia hela hiyohiyo kununua hisa, yeye hakatwi kitu wakati huo; kampuni yenyewe ndiyo inayolipa kodi ya asilimia 1, iliyoanza Januari 2023. Kwa mtu huyu, gawio la Exxon si sawa na lile analolipata mstaafu wa Texas.

Nyumbani hali ni tofauti. Gawio la kampuni iliyoorodheshwa DSE hukatwa asilimia 5, na Mkenya naye hukatwa asilimia 5 kwa hisa za NSE.

Kununua hisa bado ni jambo geni huku. Kampuni ya kwanza NSE kufanya hivyo ilikuwa Nation Media Group mwaka 2021, iliyotoa shilingi 25 za Kenya kwa hisa, juu ya bei ya soko, kwa hadi asilimia 10 ya hisa zake. Baadaye bei ilishuka chini ya 25, na waliouza siku zile ndio waliotoka na hela nzuri.