Sarufi ya Kihispania: Kutoka dibaji kwa malkia hadi vinywa vya wasemaji

Mwaka 1492 unakumbukwa Hispania kwa mambo matatu mazito. Januari 2, Granada, ngome ya mwisho ya Waislamu katika rasi ya Iberia, ilisalimu amri kwa Malkia Isabel na mumewe Fernando. Machi 31, watawala hao walitia saini amri ya kuwafukuza Wayahudi. Agosti 3, Cristóbal Colón aling'oa nanga kuelekea magharibi. Jambo la nne hutajwa kwa nadra: Agosti 18, mjini Salamanca, ulikamilika uchapaji wa sarufi ya Kikastilia, lugha tunayoiita leo Kihispania.

Mwandishi wake ni Antonio de Nebrija, na mwanafunzi wa chuo kikuu anayeanza isimu ya Kihispania hukutana naye mapema. Anastahili nafasi hiyo, kwani kabla yake hakuna lugha ya kienyeji ya Ulaya iliyokuwa na sarufi kamili iliyopigwa chapa. Hata hivyo, ukiifuata historia ya isimu hii hadi siku zetu, utaona safari ndefu ya wasomi waliojifunza hatua kwa hatua kuwasikiliza wenye lugha.

Kabla ya kitabu

Kihispania kilizaliwa katika Kilatini cha sokoni na kambini, kilichoenezwa na askari na walowezi wa Kirumi. Kwa karne nyingi watu walizungumza lugha hiyo mpya, lakini kilichoandikwa kilikuwa Kilatini. Takriban miaka elfu moja iliyopita, katika monasteri ya San Millán de la Cogolla, mtawa mmoja alisoma hati ya Kilatini na kuandika, pembeni na katikati ya mistari, maana za maneno kwa lugha ya watu wa kwao. Maelezo machache aliyaandika kwa Kibasque. Vidokezo hivyo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya lugha za Hispania.

Wakati huo Waislamu, waliovuka bahari kutoka Afrika Kaskazini mwaka 711, walikuwa wametawala sehemu kubwa ya rasi. Maelfu ya maneno ya Kiarabu yaliingia katika Kihispania, na hapo msomaji wa Kiswahili yuko nyumbani. Azúcar ni ndugu wa sukari yetu. Alcalde, yaani meya, limetoka katika neno lile lile lililotupa kadhi. Hasta, lenye maana ya "mpaka", lina asili moja na hata.

Mfalme Alfonso X, aliyetawala kuanzia 1252 hadi 1284, aliwakusanya wasomi wa Kiyahudi, Kiislamu na Kikristo, akasimamia uandishi wa vitabu vya sheria, historia na elimu ya nyota kwa Kikastilia. Lugha ya mitaani ikapewa kazi ya dola.

Sikio la Nebrija

Nebrija alizaliwa Lebrija, karibu na Sevilla, akasoma Bologna nchini Italia, kisha akafundisha Kilatini Salamanca. Katika dibaji aliyomwandikia malkia alidai kwamba lugha na dola huandamana, na kwamba mataifa yatakayotekwa yatahitaji kujifunza lugha ya mshindi. Sisi tulioonja utawala wa kikoloni hatuwezi kuipitia kauli hiyo kimyakimya. Yaliyotokea Amerika katika miaka iliyofuata yaliipa uzito wa kutisha.

Ukiingia ndani ya kitabu, unamkuta Nebrija mwingine. Alisisitiza kwamba tahajia ifuate matamshi. Aligundua pia kwamba kitenzi amaré, "nitapenda", kimeundwa kwa amar, "kupenda", kikifuatwa na he, umbo la kitenzi "kuwa na". Kilatini hakikuunda njeo ijayo kwa namna hiyo. Bingwa huyo wa Kilatini alikiona Kikastilia kikijitengenezea kanuni zake, akaziandika. Miaka michache baadaye aliliingiza katika kamusi yake neno canoa, "mtumbwi", lililotoka kwa wenyeji wa Karibi.

Nani mwenye lugha?

Mwaka 1713 Akademia ya Kifalme ya Hispania iliundwa Madrid, ikajipa kazi ya kuisafisha lugha, kuiimarisha na kuing'arisha. Kamusi yake ya kwanza ilitoka katika majuzuu sita, kati ya 1726 na 1739. Lakini lugha ilikwisha kuvuka bahari zamani. Madrid, casa (nyumba) na caza (uwindaji) hutofautiana, kwa sababu z hutamkwa kama th ya "thelathini". Mexico, Lima na Caracas, maneno hayo mawili husikika sawa, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Andalusia. Je, mamilioni hayo yote yanakosea?

Andrés Bello, mzaliwa wa Caracas na mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chile, alichapisha mwaka 1847 sarufi aliyowaandikia Waamerika. Alikataa kuipima lugha yao kwa kipimo cha Kilatini. Chukua sentensi dijo que vendría, "alisema kwamba angekuja". Vendría ilizoeleka kuwekwa katika fungu la masharti. Bello aliiangalia inavyofanya kazi: ujio unafuata kusema, na kusema kumekwisha pita. Akaiita njeo ya baada ya wakati uliopita. Hata hivyo, Bello huyo huyo aliwakemea Wachile kwa kutumia vos badala ya tú wanapomwita mtu "wewe".

Karne ya 20 ilileta usikilizaji wa utaratibu. Chini ya Ramón Menéndez Pidal na mwanafonetiki Tomás Navarro Tomás, watafiti walianza mwaka 1931 kukusanya matamshi na msamiati katika vijiji zaidi ya 500 vya rasi ya Iberia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1936 viliikatiza kazi hiyo. Navarro Tomás alikwenda uhamishoni na madaftari yakafika New York. Yalirudi Hispania mwaka 1951, na juzuu la kwanza la atlasi ya lugha iliyotokana nayo likatoka mwaka 1962.

Sarufi mpya ya mwaka 2009 iliandaliwa na akademia za Hispania, Amerika na Ufilipino kwa pamoja. Ndani yake vos ya Argentina inahesabiwa kuwa usemi halali wa wenyewe, na hakuna mji mmoja unaoshika hakimiliki ya usahihi. Guinea ya Ikweta, taifa la Afrika lenye Kihispania kama lugha rasmi, nayo sasa ina akademia yake.

Somo hilo la kuwasikiliza wenye lugha linatuhusu. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na usanifishaji huo umetusaidia mno. Lakini lahaja ya Kimakunduchi bado inazungumzwa kusini mwa Unguja, na Chimiini cha Barawa kimetawanyika na wasemaji wake waliokimbia vita vya Somalia. Vyuo vyetu vina wanafunzi wa isimu na simu zenye kinasa sauti. Wapelekwe sasa kwa wazee wanaozungumza lahaja hizo, na watakachokirekodi kihifadhiwe kama hazina ya taifa.