Ukoo wa kiwanda cha rangi na maabara ya Ifakara

Mwaka 1758, mjini Basel, Uswisi, Johann Rudolf Geigy alianzisha biashara ya dawa, viungo na malighafi za rangi. Karne ya 20 ilipoanza, biashara ile ilikuwa kampuni kubwa yenye viwanda, ikiuza rangi za nguo nje na ndani ya Ulaya. Katika ukoo huo alizaliwa Rudolf Geigy, mwaka 1902. Mtoto wa nyumba kama hiyo hutarajiwa kukalia kiti cha ofisini na kusimamia daftari za mauzo. Huyu alikwenda kusomea elimu ya wanyama, akawa profesa.

Biashara ya ukoo nayo haikukaa mbali na wadudu. Mwaka 1939 mkemia wa kampuni hiyo, Paul Müller, aligundua kwamba DDT inaua wadudu. Dawa hiyo ikatumika kila pembe ya dunia kupambana na mbu, chawa na viroboto, na mwaka 1948 Müller akapata Tuzo ya Nobel. Mwaka uliofuata Rudolf Geigy akafika Ifakara, katika Bonde la Kilombero, Tanganyika.

Hakuja kuuza kitu. Alikuwa mkurugenzi wa Taasisi ya Uswisi ya Magonjwa ya Tropiki, iliyoanzishwa Basel mwaka 1943 katikati ya vita. Uswisi haikuwa na koloni hata moja, lakini ilikuwa na wafanyabiashara, wamisionari na viwanda vya dawa, na wote hao walikuwa na macho yao huku kwetu. Ifakara ilimfaa kwa sababu mapadre Wakapuchini kutoka Uswisi walikwishakaa bondeni tangu miaka ya 1920, na palikuwa na hospitali ya misheni. Na magonjwa yalikuwepo ya kutosha. Bonde la Kilombero hufurika masika, na msimu wa mpunga familia nyingi huhamia mashambani na kulala kwenye madungu, mbu wakiwazunguka usiku kucha.

Geigy, hata hivyo, alivutwa zaidi na papasi. Mdudu huyu hujificha kwenye udongo wa sakafu na nyufa za kuta. Usiku hutoka, hunyonya damu ya aliyelala, na kabla hakujapambazuka amesharudi shimoni, akiwa ameacha vimelea vya homa ya papasi. Kumpata si kazi ya darubini kwanza: unachimba udongo chini ya kitanda cha mtu, unauchekecha, unamtafuta kwa macho. Mwaka 1955 Geigy na mwenzake Herbert Mooser walichapisha utafiti wao wa homa hiyo Tanganyika. Walikuwa wamechunguza papasi wa majumbani pamoja na wale wa mashimo ya ngiri, kutaka kujua kama ugonjwa unatoka porini. Hilo ni swali la mtaalamu wa wanyama. Daktari wa wodini angeanza na mgonjwa.

Mwaka 1957 maabara ya kudumu ilisimama Ifakara. Mwaka 1961, ule ule wa uhuru, kikafuata kituo cha kufundishia wahudumu wa afya wa vijijini, kwa fedha za mfuko ulioanzishwa na kampuni za kemikali za Basel. Hapa tusimvike mtu kilemba cha ukoka. Viwanda vya dawa vilihitaji kuyajua magonjwa ya tropiki, watafiti walihitaji wadudu na wagonjwa, na nchi mpya ilihitaji wahudumu. Kila upande ulipata chake, ingawa sidhani kama wanakijiji waliochimbiwa sakafu waliulizwa sana wao wanataka nini.

Geigy aliacha ukurugenzi mwaka 1972, akimwachia Thierry Freyvogel, aliyekuwa amefanya utafiti Ifakara. Geigy alifariki mwaka 1995. Mwaka 1996 kampuni ya Ciba-Geigy, mrithi wa biashara ya ukoo, ilitangaza kuungana na Sandoz kuwa Novartis, na jina la ukoo likatoweka kwenye kibao cha kiwanda. Mwaka huo huo maabara ya Ifakara ilisajiliwa kuwa kituo cha Kitanzania. Leo ndiyo Taasisi ya Afya Ifakara.

Kazi iliyoiletea taasisi hiyo sifa kubwa ilikuja wakati mwanzilishi ameshazikwa, nayo ilipitia dukani. Kuanzia mwaka 1997, katika wilaya za Kilombero na Ulanga, vyandarua vyenye dawa viliuzwa kwa jina la Zuia Mbu. Havikugawiwa bure: vilikuwa na bei nafuu, na muuzaji alibaki na faida yake. Wako waliosema maskini hatanunua. Mwaka 2001 watafiti walichapisha matokeo: chandarua chenye dawa kiliongeza kwa asilimia 27 uhai wa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne.