Oda ya Krismasi Segese

Ukitaka kula Segese tarehe 25 Desemba na huna ndugu hapa, usingoje siku yenyewe ifike. Kuanzia katikati ya mwezi, mabanda ya chakula kando ya barabara ya Kahama kwenda Bulyanhulu huanza kufungwa moja baada ya jingine. Mhaya anapanda basi la Bukoba, Mchaga alishakata tiketi ya Moshi mapema, na sisi wenyeji tunaingia majarubani kwa sababu mvua haisubiri sikukuu. Anayebaki na moto jikoni hupika kwa hesabu ya walioweka oda. Mimi ni mmoja wa wanaobaki. Napika hapa, kama mama yangu alivyopika Bulyanhulu, na haya ninayoandika nimeyatoa kwenye kaunta buku zake, kwa wapishi wenzake walio hai, na kwenye vitabu vya historia ya ukanda huu, ambavyo hupima dhahabu kwa gramu na wakia lakini havisemi ni nani aliyempikia mchimbaji.

Kufunga msimu huu ni desturi ya zamani kuliko migodi. Katika karne ya 19 Wanyamwezi na Wasukuma walibeba pembe za ndovu kwenda Bagamoyo, na kalenda ya safari zao iliamuliwa na jembe. Waliondoka baada ya mavuno, kiangazi kikiwa kimeshika, na kila mwenye shamba alitaka awe amerudi kabla ya mvua za kupandia. Tajiri aliyetaka wapagazi wakati wa kilimo alijua atapata tabu. Mwaka 1861 Waingereza Speke na Grant, wakitafuta njia ya kwenda kwenye chanzo cha Nile, walikwama kwa miezi huku Unyamwezi. Palikuwa na vita vya Mtemi Mnywa Sere na Waarabu wa Tabora, palikuwa na njaa, na watu wa kubeba mizigo hawakupatikana. Vitambaa na shanga vya kulipia walikuwa navyo.

Njiani wapagazi hawakula kila mtu peke yake. Waligawanyika katika kambi ndogo ndogo, kila kambi na chungu chake, na posho yao ilitolewa kwa kitambaa au shanga wakanunulie unga vijijini. Sasa fikiria msafara unaofika kijijini Januari. Mahindi na mtama bado mabichi shambani, ghala linafagiliwa chini, na mwenye nyumba ana watoto wa kulisha. Hata ukimpa doti nzima, hana cha kukuuzia. Uhaba huo wa msimu ndio unaotutenga na wapishi wenzetu wa mbali. Ufaransa, sheria ya mwaka 1936 iliwapa wafanyakazi likizo ya wiki 2 yenye malipo, na likizo za kiangazi zikakua hadi migahawa mingi ya Paris ikawa inafunga Agosti. Mwenye hamu ya kula kwenye nyumba yenye jina huko hulazimika kuuliza mapema nani atakuwa wazi na kuandikisha meza yake, na ndivyo ilivyo pia kwa zile zinazofunga kati ya Krismasi na mwaka mpya. Wao hufunga wapumzike. Huku kwetu mpishi hufunga aende akalime, na hufunga katika miezi ambayo chakula chenyewe ni haba. Kwa hiyo oda ya hapa, zaidi ya nafasi ya kukaa, ni mchele ambao lazima mtu aununue na kuuweka kando kabla haujapanda bei.

Mwaka huohuo wa 1936 mgodi wa Geita wa zama za Waingereza ulianza kazi, na ulichimba hadi 1966. Mwajiri wa siku zile alikuwa na dawa yake ya kalenda ya jembe: mkataba na posho. Mwenye mkataba alipimiwa unga, maharage na chumvi, akapika kambini na wenzake, na mvua ikinyesha hakuwa na ruhusa ya kwenda kwao. Mwadui, alikogundua almasi John Williamson mwaka 1940, ulijengwa mji mzima kuzunguka mgodi. Tabora kulikuwa na hoteli kubwa ya tangu enzi za Wajerumani, iliyojengwa 1914, mwaka reli ya kati ilipofika Kigoma. Kwenye meza za namna hiyo Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni, kama mpishi au boi. Wazee wetu waliojifunza kuoka mikate na kukaanga nyama kwa siagi walijifunzia huko, na sikukuu za Wazungu ndizo zilizokuwa siku zao ngumu kuliko zote. Krismasi ya mpishi ilianza baada ya sahani ya mwisho kuoshwa.

Miaka ya 1970 habari za dhahabu ya Bulyanhulu zikaanza kuvuma, na wachimbaji wadogo wakaja. Waliofuata nyuma yao na masufuria walikuwa wanawake. Mjini nako maisha yalikuwa yamewabana. Sheria ya Nguvukazi ya 1983 iliwaandama wasio na kazi inayotambuliwa, na mwanamke aliyeuza ugali kando ya njia bila leseni aliweza kukamatwa kama mzururaji. Machimboni hakuna aliyemuuliza karatasi. Mama alifika mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980, akafunga turubai juu ya miti minne, akaweka mafiga. Serikali ilipoanza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo kupitia Benki Kuu, pesa ikaonekana mikononi mwa vijana, lakini ilionekana kwa vipindi. Duara, yaani shimo la mchimbaji, lina siku za kutoa na siku za kunyima. Tumbo linataka kila siku.

Hapo ndipo kaunta buku ilipochukua kazi. Ninayo moja mbele yangu, jalada lake limeshonwa kwa uzi wa gunia. Kushoto kuna jina, na mara nyingi si jina alilopewa na wazazi: Mrefu, Fundi Karasha, Babu wa Kibondo. Pembeni yake ni duara analochimba, maana duara ndiyo anuani yake. Kulia ni vijiti, sahani moja kijiti kimoja, cha tano kikikatiza vinne. Sahani ya nyama ina nukta juu ya kijiti. Mawe yakisagwa na dhahabu ikipatikana, mtu anakuja, wanahesabu pamoja, mama anapiga mstari wa kufuta na mchimbaji anaweka alama yake kwa kalamu ileile. Hakuna ukurasa uliofutwa bila alama ya pande mbili. Nimezikagua zote.

Mwishoni mwa Novemba mama alikuwa akifungua ukurasa mpya na kuandika juu yake KRISMASI kwa herufi kubwa. Kuingia ukurasa huo kulikuwa na masharti mawili: uwe umefuta deni la nyuma, na uache arubuni. Arubuni ilikuwa nusu ya bei, kwa sababu mbuzi na mchele vilinunuliwa mapema. Asiye na fedha alileta kitu. Kuna mahali ameandika gunia la mkaa, mahali pengine debe la mpunga, na mmoja alilipa kwa kumchotea maji mwezi mzima. Wapishi wengine niliowauliza nao walifanya hivyo, kila mmoja kwa masharti yake. Nasema kwa uhakika wa mtu aliyekulia humo: oda ya sikukuu katika machimbo yetu ilizaliwa na wanawake waliokuwa wakidai. Desemba ilikuwa nafasi yao ya mwisho ya kukusanya, maana mteja aliyeondoka na mvua hakuwa na lazima ya kurudi.

Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu ili eneo libaki kwa kampuni iliyokuwa na leseni. Maelfu waliondoka. Mengi yameandikwa na kubishaniwa juu ya siku zile, mahakamani na nje ya nchi, na sitayarudia. Naongeza hili tu: wapishi nao waliondoka, na madeni yao yakatawanyika na wadaiwa. Katika kaunta buku ya mwaka ule, vijiti vya Julai vinaendelea hadi katikati ya ukurasa, kisha karatasi ni nyeupe. Hakukuwa na Desemba ya kukusanyia. Mama alikuja Segese na masufuria mawili na kitabu hicho, akaanza upya kwa kukopa mchele. Hasara ya namna hiyo haikuingia kwenye hesabu ya fidia ya mtu yeyote, na mimi naona ilistahili kuingia.

Mgodi mkubwa wa Bulyanhulu ulifunguliwa 2001. Wafanyakazi wake hula kantini, ambayo haifungi, kwa kuwa zamu za chini ya ardhi hazikatiki. Sisi tukapata madereva, mafundi, wafanyabiashara wa mpunga na wachimbaji wadogo wa maduara ya jirani. Mwaka 2008 M-Pesa ikaingia nchini, na polepole arubuni ikaanza kuja kwa simu. Jambo hili limebadilisha zaidi ya tunavyokiri. Zamani ilibidi ujulikane ndipo uandikwe. Sasa mtu yuko Mwanza, hajawahi kuniona, anatuma pesa na ujumbe: mayu, niwekee sahani sita, nitapita na familia tarehe 25. Namuandika kwa furaha, na pesa yake ndiyo inayonunua samaki wa mwisho. Sato huletwa kutoka ziwani kwenye maboksi ya barafu, na tarehe 22 hivi wachuuzi nao wanaenda makwao.

Lakini wapo watu ambao hakuna simu itakayowatoa kwenye nafasi yao: walinzi wa maduara. Mvua ikizidi, maji huingia mashimoni, na pampu zikizimwa kuta hulainika. Ndiyo maana kila duara lenye thamani huacha vijana wawili watatu kulinda mashine na kusukuma maji wakati wenzao wako nyumbani wanakula. Hao hawawezi kuja mezani. Chakula chao kinapakiwa kwenye hotpoti, pilau chini, nyama juu, kachumbari kwenye mfuko wake, na bodaboda anakipeleka kabla ya saa saba. Mwaka mmoja msafiri aliyekuwa na haraka alinipa bei mara mbili ya sahani hizo, zikiwa tayari zimefunikwa. Nilimkatalia, na nitamkatalia mwingine. Mwenye gari ataipata Kahama. Mlinzi yuko kwenye tope hadi magotini na ameahidiwa.

Ukurasa wa mwaka huu umejaa. Nimeuandika kwa mkono, ingawa binti yangu ameuingiza pia kwenye simu yake. Walinzi wako juu, wanafuata wadeni waliolipa, kisha wa mbali waliotuma arubuni. Tarehe 27 nafunga niwahi kuhamisha miche ya mpunga, na nafungua palizi ya kwanza ikiisha. Atakayekuja Krismasi bila kuandikwa hatapata pilau, kwa sababu limepimwa. Nitamuuliza kama anakula matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, maana hayo yapo kwenye chungu cha nyumbani, na chungu hicho hakina kaunta buku.