Usurealisti si Njozi Tupu

Usurealisti ni mkondo wa sanaa na fasihi uliotangazwa mjini Paris mwaka 1924, André Breton alipotoa ilani yake. Neno lenyewe lilibuniwa na mshairi Guillaume Apollinaire mwaka 1917. Kwa Kifaransa lina sehemu mbili: sur, yaani juu ya au kupita, na réalisme, yaani uhalisia. Breton, aliyesomea udaktari na kuvutiwa na mafundisho ya Freud, alishikilia kwamba ndoto na matamanio yaliyofichika nayo ni sehemu ya ukweli wa binadamu.

Ni rahisi kuufasiri usurealisti kuwa "sanaa ya njozi". Tafsiri hiyo inaudhulumu, kwa sababu inaufuta uhalisia uliomo ndani ya jina. Vilevile usichanganywe na uhalisia mazingaombwe, istilahi ambayo wahakiki wetu wameitumia kujadili riwaya za Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi. Huko miujiza hutokea na maisha yakaendelea. Msurealisti huchukua vitu tunavyovijua, akavikutanisha mahali ambapo havikutazamiwa.

Mfano mzuri ni Wapenzi, mchoro wa mwaka 1928 wa René Magritte, Mbelgiji aliyekuwa akiishi karibu na Paris. Mwanamume aliyevaa suti nyeusi na tai anambusu mwanamke mwenye gauni jekundu lisilo na mikono. Kila mmoja amegubikwa kichwa kizima kwa kitambaa cheupe. Tazama mikunjo: kitambaa kimebana usoni hata pua inatokeza, kisha kinaning'inia shingoni kama nguo yoyote yenye uzito. Nyuma yao ni kuta za kawaida na ukingo wa dari. Hakuna zimwi wala mbawa. Kinachotushtua ni kwamba kila kitu ni cha kweli, ila midomo haigusani.

Wengi hukimbilia maisha ya mchoraji ili kukieleza kitambaa hicho. Mama yake alijitupa katika mto Sambre mwaka 1912, Magritte akiwa na miaka 13, na inasimuliwa kwamba maiti ilipopatikana, vazi la kulalia lilikuwa limemfunika uso. Magritte mwenyewe aliikataa fasiri hiyo, na nadhani tumsikilize. Tukisema kitambaa ni msiba wa mama, tumekwisha kufunga mjadala, na wale wawili wanaobusiana hatuwaoni tena.

Mchoro unazungumza juu ya mapenzi yenyewe. Hawa wawili hawagombani wala hawajatengana, wamekumbatiana. Hata hivyo, hakuna amwonaye mwenzake, na sisi hatuwezi kumtambua yeyote kati yao. Ukaribu na kutojuana vimekaa pamoja, wala kimoja hakikifukuzi kingine. Anayependa kwa dhati anaijua hali hiyo: mtu unayelala naye kitanda kimoja ana mawazo ambayo hutayafikia kamwe, na bado unampenda. Ukweli huo picha ya kawaida ya nyuso mbili zinazotabasamu isingeweza kuuonyesha.

Kwa hiyo napendekeza tubaki na usurealisti kama jina la mkondo, na tunapoufafanua tuseme: uhalisia unaojumuisha yale ambayo macho hayayaoni. Mwanafunzi atakayeanza na maana hiyo atakitazama kitambaa cha Magritte kwanza kama kitambaa, ndipo aulize kinafanya nini kati ya watu wawili wanaopendana.